Kipaumbele

Umeme umerudi saa tatu usiku, Cimpunda nzima imeshangilia,
nami nimepiga magoti mbele ya kisanduku cheupe
kilichokaa juu ya kabati la sahani,
taa zake nne zikikonyeza
kama mtu anayejua jambo na hasemi.

Leo nitakunyoosha.

Maana jana Murhula, mdogo wangu,
alifungwa goli la dakika ya mwisho
na mtoto wa Manila asiyemjua hata jina.
Akarusha rimoti ukutani:
"Yaya, nilibonyeza! Nilibonyeza mbele yake!"
Na kweli alibonyeza. Kidole kilifika,
habari za kidole ndizo zilizochelewa njiani,
milisekunde mia tatu na arobaini,
muda wa kupepesa jicho, muda wa kupoteza kombe.

Na maana Jumapili iliyopita, Maman, kutoka Liège,
uso wake ulikatika vipande vya mraba
kama sakafu ya parokia,
mdomo ukabaki wazi juu ya neno moja.
Tulikuwa tumemuuliza unarudi lini.
Tukasikia "Mwaka", kisha mduara,
unazunguka, unazunguka.

Naandika namba za mlango: moja tisa mbili, moja sita nane.
Jina: admin. Neno la siri: admin.
Miaka mitatu tumelala na mlango wazi.

Ndani kuna orodha ya walioingia.
Simu yangu. Televisheni. Mashine ya Murhula.
Na simu ya Mwalimu Zihalirwa, jirani wa chini ya ngazi,
anayepakua mahubiri usiku kucha.
Kila asubuhi hunisalimia "Mungu ni mwema",
kumbe wema wenyewe ni megabaiti zetu!
Kidole kinaelea juu ya "Zuia".
Halafu nakumbuka bomba lilipokauka wiki mbili,
na ndoo zake alizotupandishia bila kuhesabu.
Nampeleka mwisho wa foleni. Mahubiri atayapata,
polepole, somo la subira likiwa ndani yake.

Mtaa wote umejazana kwenye kanali ya sita
kama soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Nahamia kumi na moja.
Kasi ya kupandisha naikata, asilimia themanini na tano.
"Unapunguza?" Murhula ananishika mkono.
Ngazi zetu hizi, namwambia, watu wakizijaza pomoni
hata mwenye mgonjwa mgongoni hapiti.
Acha nafasi ya bega.

Mwisho, ukurasa niliokuwa nautafuta: Kipaumbele.
Nani apite kwanza?
Kisanduku kinauliza bila haya
swali ambalo humu ndani hatujawahi kuulizana.
Naandika: sauti na sura ya Maman.
Chini yake, mpira wa Murhula. Hajabisha.
Hifadhi.
Taa zinazima zote. Tunashika pumzi. Zinawaka.

Jumapili, saa mbili, Maman anatokea mzima.
Mshono wa kitenge, kovu dogo la pasi kwenye kiganja,
dirisha nyuma yake, na mvua ya huko
inashuka bila kukwama hata tone.
"Muko munanisikia?"
"Tunakusikia, Maman. Tunakuona mpaka hereni."
Anacheka, na kicheko kinafika pamoja na meno yake.

Murhula amengoja wiki nzima.
"Unarudi lini?"

Naangalia taa: nne, kijani zote.
Pazia la Liège linatikisika.
Maman anapepesa macho, mara moja,
mara ya pili. Anameza mate, tunasikia.
Mduara hautokei.

Murhula ananigeukia, ananong'ona:
"Yaya, imekwama."

Ndiyo, namwambia.
Imekwama kidogo.